Vedeti ni mtu wa namna gani? Sura ya nyota wa muziki wa Kongo, tangu Wendo mpaka Innoss'B

Kule Ulaya na Marekani, watu wakisema nyota wa roki wanaona mara moja mtu wa gitaa, koti la ngozi, miwani nyeusi usiku, mlevi wa hoteli kubwa ambaye magazeti yanamwandika kila asubuhi. Muziki wa roki haukushika sana Kongo. Lakini mtu wa namna ile Kongo inamjua vizuri, na jina lake ni vedeti. Neno lilitoka kwa Kifaransa, likakaa. Hapa Tchomia, kijana akipita sokoni na suruali ya kubana, cheni shingoni na nywele za rangi, wamama wanaouza samaki wanaulizana kama amekuwa vedeti tangu lini. Wengine wanasema kwa kumsifu, wengine kwa kumcheka.

Ile sura ilijengwa polepole, na kuna watu walioilipa kwa franga nyingi. Wengine waliilipa kwa njia mbaya zaidi.

Fundi wa mashua, bwana wa kravati na mtoto wa mtaa

Kati ya watu wa kwanza waliojulikana Kongo nzima kupitia sahani ya muziki ni Wendo Kolosoy. Mbele ya kuimba alikuwa fundi wa machini kwenye mashua za mto Kongo, kazi ambayo watu wa Ziwa Albert wanaielewa bila kuelezwa. Mwaka 1948, yeye na mpiga gitaa Henri Bowane walitoa wimbo Marie-Louise kwa nyumba ya Ngoma, iliyokuwa ya Wagiriki mu Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Watu walisema ukiupiga ule wimbo saa sita ya usiku, wafu wanaamka. Mapadri walikasirika. Kweli ao uongo, ile habari ilifanya kazi yake: vedeti alipata kitu cha kwanza anachohitaji, ni kusema hadithi inayomtangulia mahali hajafika bado.

Kwa upande wa watu wa Kiswahili kulikuwa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta Jadotville (Likasi ya leo) na kumrekodi. Gitaa moja, sauti ya kutulia, Kiswahili cha Katanga. Hakuna orkestre nyuma, hakuna nguo za kung'aa. Jina lake lilifika mpaka Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza vidole vyake. Lakini nguvu ya muziki ilikusanyika Kinshasa, na Lingala njo ilikuwa luga ya vedeti. Msanii wa mashariki aliyetaka kusikiwa alipashwa kuimba luga ya magharibi. Hilo jambo liliendelea miaka makumi, na halijaisha.

Mu Kinshasa yenyewe kulikuwa sura mbili. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alianzisha African Jazz mwaka 1953. Huyo alikuwa bwana wa suti na kravati, mtu wa kusema Kifaransa safi, na njo maana ilikuwa sawa kabisa kwamba Indépendance Cha Cha itoke kwake, Brussels, mwaka 1960. Ngambo ingine alikuwa Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuanzisha OK Jazz pamoja na wenzake mwaka 1956. Ile wakati vijana wa mtaa walijiita Bills, waliiga wacheza sinema wa cowboy, na Franco alikuwa mtoto wao. Mwaka 1958 alifungwa juu ya makosa ya kuendesha chombo barabarani. Alipotoka, watu walimpenda kupita mbele. Kumbe gereza halikuharibu jina, lililisaidia. Alifungwa tena mwaka 1978 juu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi, na hapo pia alitoka akiwa mkubwa. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1989.

Zaïko: kelele mpya

Tarehe 24 Desemba 1969 vijana fulani wa Kinshasa walianzisha Zaïko Langa Langa. Walikuwa watoto wa shule, walisikiliza pia muziki wa Wazungu na wa Waamerika weusi, na hawakuwa na mali ya kununua tarumbeta na saksofone. Basi wakaziacha. Wakaweka mbele magitaa, ngoma ya caisse claire, na waimbaji wengi wamesimama mstari mmoja. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa inazunguka na watu wanacheza, ikawa ndefu. Wazee walisema ni kelele. Kila kizazi kinasema hivyo juu ya kizazi kinachofuata, na mara nyingi ni ndani ya ile kelele ndimo vedeti mpya anatokea.

Kisha ikaja Septemba 1974, wakati Kinshasa ilikuwa inangojea pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Kwenye tamasha Zaïre 74 walipanda James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba, pamoja na Franco, Tabu Ley na Abeti Masikini. James Brown jukwaani, na jasho, na nguo za kubana, aliwaonyesha vijana kwamba mwili wa mwimbaji nao ni chombo cha muziki.

Lakini kusema kwamba Wakongo walimwiga tu si kweli. Tabu Ley alikuwa amekwisha kupanda Olympia ya Paris mwaka 1970, na wachezaji wake, na mavazi yake. Abeti, mtoto wa Kisangani, alipanda pale pale mwaka 1973. Abeti anasahauliwa haraka watu wakihesabu mavedeti, sababu hesabu inafanywa na wanaume. Kisha yake walikuja Mbilia Bel na Tshala Muana, na wale nao hawakuwa waimbaji wa kusimama nyuma.

Papa Wemba na dini ya nguo

Mu miaka ya sabini Mobutu alileta siasa ya authenticité. Inchi ikaitwa Zaïre, majina ya Kizungu yakatupwa, kravati ikakatazwa, wanaume wakavaa abacost. Jules Shungu Wembadio, mmoja wa wale wa kwanza wa Zaïko, akajulikana kama Papa Wemba. Mwaka 1977 alianzisha Viva La Musica, na nyumba yao ya Matonge akaiita Village Molokaï, yeye mwenyewe akiwa chifu wa kijiji.

Kwa Papa Wemba, nguo ilikuwa mahubiri: kijana aoge, anyoe vizuri, apake marashi, avae kitambaa cha bei, hata kama anatoka nyumba ya bati. Alivaa wafundi wa Japani kama Yohji Yamamoto wakati wengi mu Kinshasa hawakujua Japani inatoa kitu kingine zaidi ya gari na radio. La Sape ikakua. Katika inchi ambapo serkali iliamua mtu avae nini, kuvaa unavyotaka kulikuwa jibu. Hapo njo tofauti na nyota wa roki. Yule wa Ulaya alipasua suruali ili kuwachokoza wazazi wenye mali. Huyu wa Kinshasa alipiga pasi suruali ili umaskini usimjue.

Bei yake lakini ilikuwa kubwa. Vijana walikopa, waliiba, walitoroka kwenda Ulaya kutafuta nguo. Orkestre zikawa njia ya viza: mtu anaandikwa kuwa mpiga ngoma, anapanda ndege, na hakuna ngoma anayojua. Watu wale waliitwa ngulu, yaani nguruwe kwa Lingala. Papa Wemba alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 juu ya mambo hayo, na mwaka 2004 tribinali ya Bobigny ilimhukumu. Alirudi kuimba, na tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani Abidjan, kwenye tamasha la FEMUA, akafa. Kongo ilimlilia kama mkuu wa inchi.

Nani analipa? Libanga

Msikilizaji wa Tchomia anayejua Lingala kidogo amekwisha kujiuliza juu ya nini wimbo mmoja unataja majina ya watu ishirini: mfanyabiashara fulani, kolonele fulani, mtu wa Brussels, mtu wa Luanda. Ile inaitwa libanga, jiwe. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, na mtu yule analipa, mbele ao kisha, kwa franga, kwa gari, kwa tiketi ya ndege.

Sababu ni rahisi kuelewa. Kaseti ziliigwa kila mahali, na haki za mwandishi wa nyimbo Kongo hazikulisha mtu. Vedeti alipashwa kuonekana tajiri ili aitwe vedeti, lakini muziki wenyewe haukumpa utajiri ule. Basi mwenye mali akanunua jina, na mwimbaji akanunua nguo. Yule atalaku pia, anayepiga makelele ya kuamsha sebene, aliyeingia kwa Zaïko mwanzo wa miaka ya 1980, akawa mtu wa kutupa mawe mengi.

Ubaya wake ulionekana siasa ilipoingia. Wenye mali wakubwa walikuwa pia wenye mamlaka, na wengi wa wanamuziki waliimba kwa kampeni. Tangu karibu mwaka 2011, Wakongo wa Ulaya wanaojiita combattants walizuia konseri za mavedeti wa Kinshasa, wakisema wamejiuza kwa serkali wakati watu wa mashariki wanakufa. Fally Ipupa alipopanda Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, kulichomwa moto inje, karibu na Gare de Lyon. Kwa mtu wa Ituri, ambaye alikimbia na watoto kwa pirogi kuvuka ziwa mwaka 2018, ile kesi haikuwa mambo ya muziki tu. Wengine walisema combattants wanatetea mashariki. Wengine waliuliza kuzuia feti ya Paris kunamsaidia nani Djugu. Yote mawili yana nguvu yake.

Vita ya majina

Koffi Olomide, mzaliwa wa Kisangani, alianzisha Quartier Latin mwaka 1986 na kujipa majina mengi, Mopao likishinda yote. Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997: JB Mpiana upande mmoja, Werrason upande mwingine na Maison Mère. Kuanzia pale kila nyumba ilikuwa na kambi yake. Mwaka 2000 Koffi alijaza Bercy, kisha Werrason naye. Ule ulikuwa wakati wa vedeti-mfalme, mwenye walinzi na jeshi la wachezaji, na mtu asimguse. Wakubwa wa Tchomia wenye miaka arobaini bado wanabishana juu ya Mpiana na Werrason sawa vile wengine wanabishana juu ya mpira.

Ufalme ule ulipata doa. Julai 2016 Kenya ilimrudisha Koffi nyumbani kisha video kutembea iliyomuonyesha kama anampiga teke mchezaji wake mwanamuke pale uwanja wa ndege wa Nairobi. Miaka ya mbele, jambo sawa lile lingeishia midomoni. Sasa kila mtu ana kamera mfukoni.

Telefone imebadilisha masikio

Wimbo wa miaka ya tisini ulikwenda dakika nane ao kumi, na sebene ilikuja mwisho kama chakula kilichongojewa. Leo kijana anachukua nyimbo kwenye kadi memori, kwa mtu anayechaji telefone, ao kwa mtandao siku ambayo reseau iko. Anasikia dakika tatu. Kama ngoma haimshiki kwa sekunde chache, anaruka. Fally, aliyetoka Quartier Latin na kutoa Droit Chemin mwaka 2006, alielewa mapema: sauti laini, wimbo mfupi, mwili wa mazoezi, kelele kidogo. Tarehe 29 Oktoba 2022 alijaza Stade des Martyrs kupita kipimo, na watu 11 walikufa katika msongamano.

Luga nayo inageuka. Koffi aliimba na Diamond Platnumz wa Tanzania mwaka 2020, na Fally mwaka 2019. Mbele, Tanzania ilifuata Kinshasa; sasa Kinshasa inabisha hodi kwa soko la Kiswahili. Innoss'B, mtoto wa Goma, alishinda Vodacom Superstar akiwa mdogo mwaka 2010, na mwaka 2019 Yo Pe ilimvusha mipaka, Diamond akaingia kwenye toleo la pili. Jina la wimbo lakini ni Lingala. Mtoto wa mashariki amefika juu, na bado amepitia mlango ule ule wa wazee.

Kwa watu wa ziwa kuna mlango mwingine. Samaki zinavuka kwenda Uganda, shilingi zinarudi, na muziki unarudi nazo. Jose Chameleone aliimba mara nyingi Kiswahili, na Bobi Wine aliingia bunge la Uganda mwaka 2017 akiwa mtoto wa ghetto ya Kamwokya, si mfalme wa marashi. Ile ni sura ingine ya vedeti, na vijana wengi inawakaa karibu zaidi kuliko Bercy.

Kanisa pia lisisahauliwe. Vijana wengi wanaojua piano na gitaa wamejifunza kwa korali, sababu ndiko vyombo viko. Mavedeti wa injili wa Kinshasa wanavaa sawa na wale wa dunia, na wazazi hawasemi kitu.

Ndoa ikiwa Tchomia, grupe ikiwaka na bafle zikipangwa, mpiga muziki anajua utaratibu bila kuambiwa. Franco kwanza, wazee wakiwa bado wamekaa. Kisha injili, wakati wa zawadi. Wenge kwa wapapa wanaovua koti. Na wazee wakienda kulala, vijana wanatoa telefone zao na kugombana nani aunganishe yake.