Timizo: Kukusanya Si Kutimiza

"Mjomba, mbegu ya shu nyekundu wanauzaga wapi?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo jioni moja, simu mkononi, kana kwamba duka analolitafuta liko hapa sokoni Kashuga, Masisi. Shu ni kabichi kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Ila yeye hakutaka ya kupika. Alikuwa akicheza Stardew Valley, mchezo wa kilimo uliotungwa na Mmarekani Eric Barone, mtu mmoja peke yake, ukatoka mwaka 2016 kwenye kompyuta na baadaye ukafika kwenye simu. Ukishauingiza kwenye simu unachezeka bila intaneti, na mahali ambapo mtandao huja na kupotea kama jua la msimu wa mvua, hilo si jambo dogo.

Kwenye skrini palikuwa na nafasi sita. Tano alikwisha kuzijaza: uyoga mwekundu, kiumbe wa baharini mwenye miiba mwili mzima, ua la alizeti, unyoya wa bata, na jiwe la thamani la buluu. Ya sita ilidai kabichi nyekundu. Ghala lake lilikuwa limejaa, fedha alikuwa nazo, mifugo ilikuwa imeshiba. Akatikisa kichwa akasema, "Bado haijatimia."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Watafsiri wa michezo ya namna hii hutafuta jina la kazi hii ya kutafuta vitu vilivyoorodheshwa mpaka orodha iishe, na mara nyingi huangukia kwenye *mkusanyo*, au *lengo la mkusanyo*. Mtoto wa Kashuga, ambaye hajawahi kusikia mjadala wowote wa istilahi, alichagua kitenzi kingine kabisa. Naamini alichagua vizuri kuliko sisi.

Tuanze na *-kusanya*. Kutoka kwenye mzizi huo tumepata *mkusanyiko*, yaani watu au vitu vilivyo pamoja. *Makusanyo*, ambayo siku hizi tunayasikia zaidi kwenye habari za kodi. *Ukusanyaji*, kazi yenyewe. Na *mkusanyo*, kile kilichopatikana. Ni maneno mazuri, nayo yote yanatazama kilichokwisha kuingia. Anayekusanya kuni, kila kijiti kinamfaa. Akirudi na nusu ya tita, nusu hiyo itapika chakula cha jioni. Anayekusanya kodi, kila faranga inaongeza hesabu. Katika kukusanya, kidogo ni kidogo, lakini ni kitu.

*-Timia* inatazama upande wa pili, upande wa kile ambacho hakijafika. Akidi ya mkutano ikitimia, mkutano unaanza. Akipungua mjumbe mmoja, waliopo wote wanakaa wakingoja. Siku za mwanamke mjamzito zikitimia, anajifungua. Ahadi hutimizwa au haitimizwi. Nenda kwenye kikao cha mahari ukasikilize wazee: mbuzi wamehesabiwa, jembe limewekwa, blanketi limekunjuliwa likaonekana, na bado mzee mmoja anaweza kuinua mkono kwa sababu kimoja kilichotajwa hakipo. Hatakubali umwongezee mbuzi mahali pa blanketi. Kila kitu kina nafasi yake na hakuna kinachokaa kwenye nafasi ya mwenzake.

Ndivyo zilivyo zile nafasi sita za mpwa wangu. Maboga mia moja hayawezi kulipia kabichi moja. Kwa hiyo napendekeza jina la lengo la namna hii liwe timizo, wingi wake matimizo. Limeundwa kwa njia ambayo lugha imeizoea: tangaza, tangazo, funza, funzo, timiza, timizo. Timizo ni lengo linalodai vitu kadhaa vilivyotajwa, kila kimoja kwa jina lake, nalo halihesabiwi mpaka cha mwisho kiingie.

Ndani ya timizo kuu mna vipande vyake. Katika mchezo huu kuna jumba la kijiji lililotelekezwa, lenye vyumba sita, na mchezaji hulifufua kwa kujaza orodha 30 katika vyumba hivyo. Kila orodha kati ya hizo iitweje? *Kifurushi* linajitokeza haraka, lakini kampuni za simu zimelichukua: Tanzania ukisema kifurushi, msikilizaji anawaza dakika na intaneti, kitu kilichofungwa na mwingine ukanunua kizima. *Tita* ni la kuni, *robota* ni la pamba au nguo. Mimi nachagua fungu. Mama anayeuza sombe, yaani majani ya muhogo, au nyanya barabarani hupanga mafungu, na mteja huona kwa jicho kama fungu limekamilika au limepunguzwa. Ni kweli kwamba fungu la sokoni kwa kawaida ni la kitu cha aina moja, na la mchezo huchanganya aina nyingi. Lakini maana ya sehemu iliyopimwa, yenye mpaka wake, iko palepale, na neno linaeleweka kutoka Goma hadi Mombasa.

Jina likishapatikana, tunaweza kueleza ugumu wa timizo uko wapi. Watu wengi wanadhani uko kwenye wingi wa kazi. Mkulima yeyote anajua kwamba kazi nyingi huchosha, ila haishindikani. Ugumu wa kweli unatoka mahali patatu.

Pa kwanza ni kikomo cha kupanda. Mwaka wa mchezo una misimu minne, kila mmoja una siku 28. Koliflawa huhitaji siku 12 kukomaa. Ukiipanda siku ya 16, utaivuna siku ya 28, siku ya mwisho kabisa. Ukiipanda siku ya 17, mbegu imepotea, maana msimu ukigeuka mazao yasiyovumilia msimu mpya hunyauka shambani usiku huohuo. Fungu la mazao ya msimu wa kwanza linadai mimea minne, koliflawa ikiwa mmojawapo. Aliyechelewa siku moja amechelewa mwaka mzima. Huku kwetu wakulima wanaijua hesabu hiyo. Tunapanda maharage kuelekea Septemba, katika msimu ambao wataalamu wa kilimo wanauita A, na tena baada ya Februari, katika msimu B. Anayepanda nyuma ya wenzake anaweza kuona maharage yake yakitoa maua mvua ikiwa imekwisha.

Hapo pana mtego ambao mtafsiri lazima auangalie. Majina ya misimu hayahami na maana zake. Msimu wa pili wa mchezo, ule wenye jua, wengi watautafsiri kuwa *kiangazi*. Kwenye mchezo ndio msimu wa matikiti, nyanya na pilipili, shamba likiwa limejaa. Kwa mtoto wa Masisi kiangazi ni Juni hadi Agosti, mvua zimepungua, na anayetaka nyanya ashuke bondeni kwenye maji. Msimu wa tatu ukiitwa *vuli*, msomaji wa pwani atawaza mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mchezo unaonyesha majani yakipukutika. Ushauri wangu ni kusema msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Wakulima wa Kivu wamezoea misimu inayoitwa kwa herufi, na hakuna anayekosea siku ya kupanda kwa sababu hiyo.

Pa pili ni unasibu. Wanahisabati wetu wanalitumia neno *nasibu* kwa jambo linalotokea bila mpango unaojulikana, nasi tulichukue hilohilo. Katika mchezo mkunga hupatikana baharini kuanzia saa kumi jioni, tena mvua ikinyesha, na ni katika msimu wa kwanza na wa tatu tu. Mchezaji anaweza kuwa na ndoana nzuri na mkono mwepesi. Mvua isiponyesha, hana mkunga. Ndivyo ilivyo hata kwa ile kabichi nyekundu. Mbegu yake haiuzwi dukani mpaka mwaka wa pili. Kabla ya hapo tumaini ni mchuuzi mwenye mkokoteni anayekuja Ijumaa na Jumapili, na shehena yake hubadilika kila mara. Mtunzi mwenyewe aliona uzito wa jambo hili: toleo la mwaka 2020 likaongeza chaguo linalohakikisha kwamba mafungu yote yanaweza kukamilika ndani ya mwaka wa kwanza. Unasibu, basi, umewekwa kwa kupimwa, nao unaweza kulegezwa. Mtafsiri akiuita *bahati* peke yake, anamnyima mchezaji nafasi ya kuelewa kwamba kuna mkono uliopima.

Pa tatu ni sharti la awali. Fungu likidai jibini, kuwa na ng'ombe hakutoshi. Unahitaji zizi, nyasi, na mashine ya kugandishia. Mashine hiyo inataka mbao 45, mawe 45, mbao ngumu 10 na kipande kimoja cha shaba iliyoyeyushwa; tena hutajifunza kuitengeneza mpaka ufike daraja la sita la kilimo. Kila kitu kinafungua mlango wa kingine. Mtu wa Masisi hahitaji kufafanuliwa hili kwa maneno mengi. Fromaji, yaani jibini, ya vilima vyetu inaliwa Goma na hata Kinshasa, na anayeila anaona kipande cha njano kwenye sahani. Haoni malisho, ng'ombe aliyekamuliwa alfajiri, maziwa yaliyowahishwa kabla hayajachacha, siku za kungoja na barabara ya kushukia. Ng'ombe wakiporwa au barabara ikifungwa, ufundi wa mtengenezaji unabaki mikononi mwake, na fromaji haipo.

Kwa mahali hapo patatu naongeza kosa moja ambalo ni la mchezaji mwenyewe, nalo lina jina tayari katika maisha yetu: kula mbegu. Mchezo una sanduku la mauzo. Unachotia humo mchana kinageuka fedha ukilala. Mpwa wangu alikuwa akivuna na kutia yote, akifurahia hesabu ya asubuhi, mpaka siku alipotambua kwamba tikiti la mwisho alilouza ndilo lililodaiwa na fungu, na msimu umegeuka. Tangu hapo aliweka sheria yake: cha kwanza cha kila aina hakiuzwi. Anakiweka kwenye kasha karibu na kitanda cha mkulima wake wa mchezoni, mpaka ajue hakidaiwi popote.

Nilipoona kasha lile nilikumbuka paa la jiko la mama yangu. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto, meusi kwa moshi, ili wadudu wasiyaguse. Njaa ikibisha, tulikuwa tunayatazama na hatuyagusi. Maharage ya mbegu alikuwa nayo pembeni, ya rangi nyingi, maana shamba la maharage huku kwetu ni mchanganyiko: mengine yanastahimili mvua kali, mengine yanakomaa upesi, mengine yanapendwa sokoni. Aina moja ikipotea, bakuli linaweza kuonekana limejaa vilevile. Anayejua ndiye anayeona pengo.

Kashuga imepokea wakimbizi wa ndani kwa miaka mingi, na wenyeji wake pia wamejua kukimbia. Mtu anaporudi shambani baada ya hapo, mara nyingi ana mikono yake. Udongo upo, na mvua ikifika inanyesha kwa wote. Anachokosa ni ile mbegu iliyoliwa njiani kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Ukihesabu alivyo navyo, utasema ni vingi. Ukisema kwa kitenzi cha mpwa wangu, haijatimia, utakuwa umesema hali yake jinsi ilivyo, na utajua umpelekee nini.

Hii ndiyo sababu nalishikilia neno hili, ingawa nimelitoa kwenye mchezo wa simu. Lugha inayosema *mkusanyo* inamsifu mtu kwa ghala lake. Lugha inayosema *timizo* inamwuliza ni kipi bado. Kijana alingoja hadi msimu wa pili wa mwaka wa pili, akanunua mbegu dukani, akamwagilia kwa siku tisa. Alipanda tano, ingawa fungu lilidai kabichi moja. Nilimwuliza nne ni za nini.

"Za kuweka," akanijibu.