Muundo wa Biashara: Istilahi Inayomhusu Pia Mwandika Programu

Nyumba mbili za Katoyi, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, zinaweza kuwasha balbu za aina moja na zisilipe kwa njia moja. Ya kwanza inalipa forfe kila mwisho wa mwezi, itumie umeme mwingi au kidogo. Ya pili ina kashpawa: inanunua yuniti kwa simu, inaingiza namba kwenye mita, na yuniti zikiisha giza linaingia hata kama mwenye nyumba ni mteja wa siku nyingi. Kwa balbu hakuna tofauti. Kwa kampuni inayouza umeme, hizo ni biashara mbili.

Kinachozitofautisha ndicho Waingereza wanachokiita business model, na Kifaransa cha vyuo vya Goma kinakiita modèle économique. Maana yake ni maelezo ya nani anapewa nini, nani analipa, analipa lini, pesa inapita mkononi mwa nani, na gharama zikitoka kinabaki nini. Kwa Kiswahili bado tunavutana.

Wengine huandika "mpango wa biashara", lakini hiyo ni karatasi unayompelekea mkopeshaji. "Modeli" inatamkika vizuri, ila Goma modeli zimejaa kwenye ukuta wa fundi cherehani: mama anakuja na liputa yake, ananyoosha kidole, anashonewa kama ile ya pichani. Neno linakuja na wazo la kunakili. "Mtindo" una kasoro hiyohiyo, tena mtindo hupitwa. Linalotumika sana ni "mfumo wa biashara", na mimi ndilo ninalolipinga zaidi, kwa sababu ndani ya chumba cha watu wa programu "mfumo" tayari una mwenyewe. Mfumo ni ile kompyuta, sava, hifadhidata. Ni kile kinachoanguka usiku. Kiongozi akitangaza asubuhi kwamba "tunabadilisha mfumo", nusu ya ekipe itadhani inaandika upya msimbo wote, na nusu nyingine itadhani jambo ni la mhasibu. Wote watakuwa wamekosea.

Ninapendekeza "muundo wa biashara". Muundo unatokana na kuunda, na kilichoundwa kinaweza kufunguliwa na kuundwa upya, kipande hiki kikabaki na kile kikatupwa.

Afrika Mashariki tuna mfano mkubwa wa kazi hiyo. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walianza kuijaribu Kenya, Thika ikiwa mojawapo ya sehemu za majaribio, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa mkopaji apokee na kurejesha mkopo wake kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi, waliona mambo mawili. Upande wa taasisi, kulinganisha malipo ya simu na vitabu vya vikundi vya wakopaji kulikuwa mzigo. Upande wa wateja, watu walikuwa wanafanya ambayo hawakuelekezwa: wanawatumia ndugu pesa, wanalipana wao kwa wao, wanaweka fedha kwa wakala kabla ya safari ili wasitembee nazo mfukoni. Ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imeondolewa. Kilichouzwa ni kutuma pesa nyumbani, na kampuni ikala ada ya kutuma na ya kutoa. Mikopo ilirudi baadaye, mwaka 2012, kwa jina la M-Shwari. Mwaka huohuo M-Pesa ikaingia Kongo kupitia Vodacom.

Nionavyo, kazi ngumu pale ilikuwa kukubali kwamba swali la "nani analipa, kwa ajili ya nini" limepata jibu jipya, kisha kuacha vipande ambavyo watu walikuwa wamevihangaikia. Mwandika programu hapendi kuambiwa kwamba kazi yake haina kosa ila haihitajiki tena.

Wakubwa nao huumia. Kampuni ya Adobe ilitangaza Mei 2013 kwamba matoleo mapya ya programu zake kuu za picha na uchapaji hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja. Mteja atalipia muda wa kutumia. Mapato yake yalishuka kutoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi karibu bilioni 4.05 mwaka 2013, kabla ya kupanda tena. Adobe ilikuwa na akiba ya kuvuka bonde hilo. Ekipe ndogo haina.

Tuseme basi vijana wa Katoyi wameunda programu ya kuhesabu dawa, wanaiuzia famasi kwa dola kadhaa, mara moja, kwaheri. Sasa wanataka famasi ilipe kila mwezi. Kiongozi akilichukulia kuwa jambo la bei, ameshindwa kabla ya kuanza. Msimbo wenyewe lazima sasa ujue nani amelipa hadi lini. Mtandao ukikatika siku ya malipo, je, famasi inafungiwa hesabu zake katikati ya wagonjwa? Mtu wa kupokea simu za wateja, aliyekuwa wa pembeni, anakuwa nguzo, maana mteja anaweza kuondoka mwezi wowote. Na yule aliyenunua zamani akiahidiwa "ya milele"? Huyo ahadi yake itimizwe, hata kama inauma, na ekipe iambiwe hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Goma inaongeza swali lake. Waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na noti zikawa adimu. Watu wakategemea pesa ya simu, na kutoa taslimu kwa wakala kukawa ghali. Muundo wa biashara ulioandikwa Nairobi, wenye kadi ya benki inayokatwa kila tarehe moja, hapa ni karatasi tupu. Malipo ya wiki kwa simu, kwa kiasi ambacho famasi inacho tayari ndani ya simu yake, ni muundo mwingine, na unadai programu nyingine.

Walimu wa ISIG na wa vyuo vingine vya Goma wanafundisha kwa Kifaransa, na wanafunzi wao wanabishana kwa Kiswahili wakitoka darasani. Ninawaomba waandike "muundo wa biashara" ubaoni kando ya neno la Kifaransa, na wamtake kila mwanafunzi wa informatiki aeleze, kwa mradi wake mwenyewe, nani analipa na lini.