Katre-katre, mipira na utelezi: kwa nini hata gari yenye nguvu inaishia mtaroni

Mvua zikisha kuanza, barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira, Baraka na Fizi inabadilika sura. Upande wa ziwa, kupitia Swima, Mboko na Lusenda, adui mkubwa ni mito inayofurika. Lakini ukipanda kutoka Baraka kwenda Fizi-Centre, ao ukiendelea kuelekea Lulimba na Misisi, adui ni udongo wenyewe. Saa moja ya mvua inatosha kuufanya uteleze kama sabuni. Fuso inalala kando na mizigo yake, bei ya unga na sabuni inapanda sokoni, na mgonjwa anayepelekwa hospitali analala njiani.

Kila mara gari ya nguvu ikianguka mtaroni, watu wanauliza: ile si ni katre-katre, imeanguka namna gani? Swali ni zuri, na jibu lake linasaidia pia ndugu zetu walioko mbali kwenye nchi za barafu. Katre-katre inasaidia gari kuondoka. Kusimama na kukata kona ni kazi nyingine, na hapo haisaidii karibu kitu.

Magurudumu manne yanafanya nini

Mpira wa gari una kazi tatu juu ya barabara: kusukuma, kusimamisha na kugeuza. Gari ya kawaida inasukumwa na magurudumu mawili, ya mbele ao ya nyuma. Katre-katre inasukumwa na yote manne, kwa hiyo nguvu ya injini inagawanyika na kila mpira unabeba sehemu ndogo bila kuteleza. Faida hiyo ni ya kweli: kwenye poto-poto ya kupanda, inafanya tofauti kati ya kufika na kulala.

Sasa angalia freni. Gari yote, hata Probox ndogo kabisa, inafunga freni kwa magurudumu manne. Land Cruiser haina gurudumu la tano la kufungia. Tena ni nzito zaidi, na kwenye mteremko uzito huo ndio unaoisukuma. Hapo ndipo mtego ulipo: shofere anapanda bila shida, anajiamini kwamba barabara ni nzuri, kumbe ni gari tu iliyomficha utelezi. Anaujua siku ya kukanyaga freni.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kununua gari wanalisahau. Katre-katre si za aina moja. Land Cruiser za muundo wa 70, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1984 na ambazo mashirika na vituo vya afya wanazitumia sana kwetu, kwa kawaida zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele yanaingia kazini shofere akivuta levye ndogo kwenye H4 ao L4. Kwa nyingi kati yake, lazima kwanza kushuka na kuzungusha kwa mkono vile vifuniko vya katikati ya magurudumu ya mbele, kutoka FREE kwenda LOCK. Vikibaki FREE, unaweza kuvuta levye mpaka kesho, mbele hakuna kinachosukuma. Kushuka na kuzungusha kunafanywa mbele ya kuingia kwenye tope, si kiisha gari kuzama mpaka mlangoni.

Mbele ya lami kavu, rudisha levye kwenye H2. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa, na gari ya aina hiyo haina kifaa cha kuachilia tofauti ile. Udongo unaachilia kwa kuteleza kidogo. Lami inakataa, na meno ya ndani yanaumia.

RAV4 na ndugu zake ni kitu kingine. Zinajiwekea zenyewe nguvu kwa magurudumu manne, lakini nyingi hazina L4, tumbo lao liko chini, na zimetengenezwa kwa utelezi wa mjini, si kwa mifereji ya Fuso.

Halafu kuna difu, sanduku la meno katikati ya ekseli. Kwa maumbile yake, difu ya kawaida inapeleka mzunguko kwa gurudumu lenye kazi rahisi zaidi. Moja likiwa hewani ao kwenye tope laini, linazunguka bure na lingine limelala. Ndiyo maana utaona katre-katre imenasa, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanarusha matope, mengine mawili kimya. Gari yenye kifaa cha kufunga difu inatoka hapo. Isiyo nacho inahitaji koleo, mawe na vijana.

Mpira ndio unaogusa barabara

Makanika mzuri akiona gari ya kwenda Fizi-Centre wakati wa mvua, anaanza na mipira. Alama ya M/T inaonyesha mpira wa tope: meno makubwa, na nafasi pana katikati ili udongo uruke nje mpira ukizunguka. Meno ya karibu karibu yanajaa udongo kwa mzunguko mmoja tu, na toka hapo mpira ni laini kama chungu. A/T ni wa katikati: unafaa barabara ya udongo na lami, lakini kwenye tope nzito unashindwa haraka. M+S maana yake ni tope na theluji, lakini kiwanda kinaweza kuiandika chenyewe bila jaribio lolote. Usilipe bei ya mpira wa tope kwa sababu umeona herufi hizo.

Katika mipira ya okazioni inayotoka Ulaya na Japani, mingine ina mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani. Huo ni mpira wa majira ya baridi. Raba yake imechanganywa ili ibaki laini kwenye baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Kwenye joto la Baraka ulaini ule unakuwa hasara: mpira unalika haraka, na kwenye barabara ngumu yenye moto gari inakawia kusimama. Si kusema ni mbovu; umefika nchi isiyo yake.

Umri nao unasomeka. Tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka. 2317 ni juma la 23 la mwaka 2017. Mpira wa zaidi ya miaka kumi, hata meno yake yakiwa marefu, raba imekauka. Viwanda vingi vinashauri kuutoa.

Barafu ya ndugu zetu

Kwa Kongo, barafu ya kudumu iko juu ya Ruwenzori, kwenye kilele cha mita 5,109, na hakuna gari inayofika kule. Lakini watu wa Fizi wengi waliokimbilia Tanzania, kwenye kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, wamehamishiwa Marekani na Kanada. Wengine wako Ulaya. Mtu aliyejifunza volani kwenye vumbi anajikuta mwezi wa kumi na mbili mbele ya barabara nyeupe, na gari ya kwanza anayoshauriwa ni katre-katre.

Hesabu ni hii. Kwenye lami kavu, gari ya kilometa 50 kwa saa inasimama kwa karibu mita 12 tangu freni kukamata. Kwenye barafu, ambapo mshiko unaweza kushuka mpaka sehemu moja juu ya nane, gari ile ile inahitaji karibu mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Magurudumu manne ya kusukuma hayapunguzi hata mita moja. Kinachopunguza ni mwendo na mpira. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne.

Mpira wa majira ya baridi una meno yenye michano mingi myembamba inayouma theluji, na raba isiyogeuka ngumu. Unawekwa kwa magurudumu yote manne. Kuweka miwili tu mbele ni hatari: mbele inashika, nyuma inazunguka kama mkia. Quebec, ambako Wakongo wanaosema Kifaransa ni wengi, sheria inalazimisha mipira hiyo tangu tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Nchi kama Uswidi na Finland zinaruhusu pia yenye misumari midogo ya chuma. Sehemu nyingine misumari hairuhusiwi, kwa hiyo ni kuuliza mbele ya kununua.

Wageni wanaogopa theluji nyingi, lakini inayoua zaidi ni barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo barabara inaonekana kama imelowa tu. Inatangulia kwenye madaraja, kwa sababu baridi inapita juu na chini yake. Na barafu iliyo karibu kuyeyuka inateleza kuliko ya baridi kali, juu ya maji yanayokaa juu yake.

Kushuka

Mteremko wa Fizi-Centre kuelekea Baraka na mteremko wa theluji wa Quebec vinahitaji mguu ule ule. Weka vitesi ya chini, L4 kama iko, mbele ya kuanza kushuka, acha injini ishikilie gari, na mguu uwe mwepesi kwenye freni. Gurudumu likisha kufungwa kabisa linateleza, na gurudumu linaloteleza haligeuki hata ukate volani yote. Gari ikianza kuserereka, achia freni, elekeza volani pale unapotaka kwenda, subiri mpira ushike tena. Gari za sasa zenye ABS zinafanya sehemu ya kazi hiyo zenyewe. Za zamani shofere anakanyaga na kuachia, tena na tena. Kama kilima kinakata kona upande wa korongo na mvua bado inanyesha, kungoja ni uamuzi wa shofere anayejua kazi.

Minyororo ya mipira, ile ya theluji, inasaidia pia kwenye tope. Inafungwa mbele ya kukwama, inakazwa tena kiisha mita chache, na gari inatembea polepole. Kwenye tope laini unaweza pia kupunguza pumzi ya mpira, kwa mfano kutoka bari 2.4 mpaka 1.5, ili ukae mpana. Lakini asiye na pompe ndani ya gari asijaribu: mpira wenye pumzi kidogo ukikimbia barabara ngumu unapata moto na kupasuka.

Mashofere wengi wanachukia bariere za mvua, zinazosimamisha magari makubwa mpaka barabara ya udongo ikauke kidogo. Ni kweli, nyingine zimegeuka mahali pa kuombea franga. Lakini wazo lenyewe ni sahihi. Lori moja lenye tani nyingi likilazimisha kupita kwenye udongo uliolowa, linachimba mifereji miwili ambayo inashika maji majuma mengi, na kantonye mwenye koleo moja hawezi kuiziba. Kesho yake ambulansi inakuta mifereji ile. Nafasi kati ya magurudumu ya Land Cruiser ni ndogo kuliko ya Fuso, kwa hiyo upande mmoja unaingia ndani ya mfereji, mwingine unabaki juu, na gari inainama. Mifereji ikiwa mirefu zaidi, difu inakaa juu ya udongo wa katikati na mipira inazunguka bure, M/T ao si M/T. Kwa kutoka hapo, chimba kwanza chini ya difu, halafu ndipo uweke mawe mbele ya mipira.