Tetemeko la nchi au tetemeko la ardhi?

Leo naleta historia, ila sio ya wafalme wala vita. Ni ya neno moja: tetemeko.

Nianzie kwetu Kasoli, kule Bariadi. Guku wangu, yaani babu, husema "tetemeko la nchi", na neno hilo alilipata kanisani, sio shambani kwenye pamba. Usukuma umekaa juu ya pande kubwa la miamba ya kale, katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, kwa hiyo ardhi haituchezeshi sana. Sio kama wenzetu wa Rukwa, ambako tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa kama 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika karne ile. Kwetu sisi neno lilifika kabla ya kitu chenyewe. Lilikuja na Biblia, ile ya Union ya 1952, na humo imeandikwa "tetemeko la nchi".

Sasa mwambie kijana wa leo "tetemeko la nchi", atadhani serikali imeyumba! Lakini nchi ya zamani ilikuwa udongo huu unaoukanyaga. Ushahidi upo kinywani mwako kila siku: "chini" ni nchi hiyo hiyo na -ni ya mahali. "Nchi kavu" nayo bado ipo, inapotofautishwa na bahari. Waganda wana "ensi" yao, inabeba yote mawili, dunia na taifa. Kwetu mipaka, bendera na uhuru vikaichukua nchi, basi kwenye udongo ikabidi tuazime "ardhi" ya Kiarabu. Redio na vitabu vya shule vikashika "tetemeko la ardhi", na hata tafsiri mpya ya Biblia, Habari Njema, ikafuata huko. Kwa hiyo lililobadilika sio tetemeko. Ni nchi.

Watu wa pwani wana "zilzala", au zilizala. Nayo ni ya Kiarabu, na sura ya 99 ya Kurani inaitwa kwa neno hilo. Sura yenyewe inahusu mtikisiko wa siku ya mwisho, ndio maana mimi nikisikia mtu anasema zilzala naona Kiama kiko karibu na mawazo yake. Tetemeko la ardhi halina uzito huo, ni neno la taarifa ya habari.

Kamusi itakwambia mtikisiko nao ni ndugu yao. Sawa, lakini tangu 2008 mtikisiko umehamia benki, kila mtu akawa anasema mtikisiko wa uchumi. Kishindo kilichukuliwa na siasa kwenye uchaguzi wa 2005, "ushindi wa kishindo". Na kutetema? Zamani ilikuwa kazi ya homa na baridi, hadi Rayvanny na Diamond walipotoa "Tetema" mwaka 2019. Baada ya hapo mweleze mtoto kwamba kutetema ni ugonjwa, uone.

Lakini kuna watu hawahitaji kuongeza "la ardhi" wala "la nchi". Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9. Serikali ilitangaza vifo 17, majeruhi walikuwa mamia, nyumba nyingi zilianguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa jinsi zilivyobomoka. Nina rafiki hapa chuo anatokea Bukoba, wakati ule alikuwa shule ya msingi. Yeye anasema "tetemeko" tu, basi. Anahesabu nalo miaka: mdogo wake kazaliwa baada ya tetemeko, picha ya ukutani ni ya kabla ya tetemeko. Nilimuuliza kama bibi yake ana neno la Kihaya. Akasema bibi naye siku hizi anasema tetemeko, kwa Kiswahili, hata akiwa katikati ya sentensi ya Kihaya.

Waganda wamekwenda mbali zaidi. Kwao tetemeko ni musisi, na Musisi ni mzimu wa kuitikisa dunia. Pia ni jina la mtu, unaweza kusoma naye darasa moja. Sisi Wasukuma tuna akina Masanja na Shija. Tetemeko hatujampa mtoto bado.