Msaada hauna bei

Ndugu wasikilizaji, ninyi mulio kambini na ninyi wakubwa wa vijiji, tukumbuke historia ya karibu.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola kule Mangina, karibu na Beni. Ilipoisha, Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2.200. Wageni walikuja kutusaidia, na kazi zikapatikana: kupika, kufagia, kufua nguo. Lakini wanaume fulani waligeuza kazi hizo kuwa mtego: ulale nami, ndipo jina lako liandikwe. Wengine walibaki na mimba. Mwaka 2021 tume huru ilihesabu watuhumiwa 83. 21 kati yao walikuwa watumishi wa OMS. Mkubwa wa OMS aliomba msamaha.

Kwa nini wengi walinyamaza? Njaa na haya vilifunga midomo.

Wakubwa, musikubali kumaliza mambo haya kwa mbuzi. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinaadhibu ujeuri wa kingono, na faini ya mapatano haizimi kesi.

Wazazi, musimfukuze binti aliyesema. Mama, msaada ni haki yako. Anayekudai mwili ni mwizi.

Mubaki na amani.