Supachaja, Tabo na Hewa Nyepesi ya Safari Rally

Leo tuache kodi kidogo tuzungumzie injini. Hapa Khwisero lori lenye mzigo likipanda kilima, ule mluzi unaosikika ni wa tabo. Supachaja ni nadra kuisikia. Kwa nini? Safari Rally ya miaka ya 1980 inatoa jibu moja zuri.

Zote mbili kazi yake ni kusukuma hewa nyingi ndani ya injini ili ichome mafuta zaidi. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka. Supachaja zina aina tatu kubwa. Ya Roots, iliyopata hataza Marekani mwaka 1860, mwanzoni ilipuliza hewa kwenye matanuri na migodi. Haibani hewa ndani yake, inaisukuma tu, na hewa hupata joto jingi. Ya skrubu, iliyoendelezwa na Mswidi Alf Lysholm miaka ya 1930, hubana hewa vizuri zaidi ila ni ghali kutengeneza. Ya tatu hurusha hewa kama feni, na huamka injini ikishika kasi.

Lancia walichagua Roots kwa gari lao la 037. Ukikanyaga mafuta linaitika papo hapo, wakati tabo za enzi hizo zilisitasita. Likawapa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983.

Kenya ikawa hadithi nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Supachaja ya mkanda huzunguka kwa uwiano uleule popote ilipo. Ikipewa hewa nyepesi, inatoa pungufu. Tabo ina vali inayofuata shinikizo: likipungua, vali hubaki imefungwa, tabo huongeza kasi na kufidia. Sisi wa programu tunaijua tofauti hiyo: namba iliyogandishwa ndani ya kodi, na kodi inayosoma hali kwanza.

Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari 1984, 1985 na 1986. Mwaka huo wa 1986 Lancia walikuwa tayari na Delta S4, yenye supachaja na tabo kwa pamoja, lakini hawakuiamini kwa barabara zetu, wakaleta 037. Markku Alén akamaliza wa tatu, nyuma ya Toyota mbili. (Sisemi ni hewa tu; Celica ilikuwa ngumu kama jiwe.) Mwisho wa mwaka magari ya Kundi B yakaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, na S4 haikuwahi kukimbia Safari.