Jibini, Presha na Dawa ya Sonona

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mfamasia mmoja wa mji wa Nottingham, Uingereza, alimwandikia barua daktari kijana aliyekuwa akisomea magonjwa ya akili katika Hospitali ya Maudsley, London. Mke wa mfamasia huyo alikuwa akitumia Parnate, dawa mpya ya sonona. Mara mbili alikula jibini, na mara zote mbili alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Siagi haikumdhuru, wala maziwa. Je, aliuliza mfamasia, si huenda jibini ina kitu kinachogombana na dawa ile?

Daktari huyo, Barry Blackwell, aliicheka barua hiyo pamoja na wenzake. Jibini ni chakula cha kila siku cha Waingereza. Nani angeamini kwamba kipande chake kinaweza kumpasua mtu mshipa wa ubongo? Lakini taarifa za wagonjwa wa Parnate waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kichwa zilikuwa zikiongezeka, na presha zao zilikutwa zimepaa. Baadhi walipata kiharusi. Wengine walikufa.

Dawa za jamii ya Parnate zilizaliwa katika wodi za kifua kikuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya dawa vilipata kwa bei nafuu haidrazini, kemikali ambayo Wajerumani walikuwa wameitumia katika mafuta ya roketi. Wakemia waliifanyia kazi, na miongoni mwa matunda yake zikatoka isoniazidi na iproniazidi. Mwaka 1952 dawa hizo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu katika Hospitali ya Sea View, Staten Island, New York. Watu waliokuwa wakisubiri kifo walianza kula kwa hamu, kucheka na kutaniana. Magazeti yalichapisha picha zao wakicheza muziki wodini. Isoniazidi ilibaki kwenye kifua kikuu, na hadi leo ndiyo hutolewa katika zahanati za Tanzania, Kenya na kwingineko. Iproniazidi ilishika njia nyingine: mwaka 1957 Nathan Kline na wenzake wa Hospitali ya Rockland State, New York, walitangaza kwamba inawainua wagonjwa wa sonona. Katika mwaka huo mmoja, takriban watu 400,000 waliandikiwa.

Siri ya dawa hiyo ilikuwa kuzuia kimeng'enya kinachoitwa monoamini oksidesi. Hapa ndipo historia inapouma kidogo. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1928 na mwanasayansi kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Mary Hare, alipokuwa akichunguza ini. Alikuta kwamba kinavunjavunja tairamini, kemikali inayojitengeneza katika vyakula vya protini vinapochachuka au kukaa muda mrefu. Jawabu la swali la mfamasia, kwa hiyo, lilikuwa limelala maktabani zaidi ya miaka 30. Waliotengeneza dawa walifurahia kukizima kimeng'enya ndani ya ubongo. Kazi kinayofanya tumboni na kwenye ini hawakuipa uzito.

Blackwell hakubaki kwenye kicheko chake. Alimeza Parnate kwa siku kadhaa, kisha akala jibini. Hakupata lolote. Baadaye mgonjwa aliyekuwa akitumia Parnate alikubali kula jibini huku akipimwa, na presha ikapanda mbele ya macho ya daktari. Mwaka 1963 Blackwell alichapisha matokeo katika jarida la The Lancet, na mwaka huohuo watafiti wengine wa London wakaonyesha kwamba mkosaji ni tairamini iliyomo ndani ya jibini iliyokomaa.

Katika mwili usio na dawa hiyo, tairamini ya chakula huharibiwa utumboni na kwenye ini kabla haijafika mbali. Kimeng'enya kikizimwa, inapita nzima hadi kwenye damu, inaifukuza kemikali ya noradrenalini kutoka kwenye ncha za neva, nayo inaibana mishipa ya damu kwa nguvu. Ndiyo maana orodha ya vyakula vya kuepuka ikarefuka: jibini ya zamani, Marmite (hamira ya kupaka kwenye mkate), samaki wa kukaushwa au kuchachushwa, sosi ya soya, bia ya pipa. Dawa za mafua zenye efedrini nazo zikapigwa marufuku kwa wagonjwa hao. Mwaka 1964 Parnate iliondolewa sokoni Marekani, ikarudishwa miezi michache baadaye ikiwa na maonyo makali.

La kushangaza ni kwamba dawa za jamii hiyo, pasipo tairamini, kwa kawaida huishusha presha. Mojawapo, pajilini, iliuzwa Marekani katika miaka hiyohiyo kama dawa ya shinikizo la damu.

Upande mwingine wa habari ulianzia Uswisi. Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya Münsterlingen, aliona mwaka 1956 kwamba imipramini inawasaidia wagonjwa wa sonona. Hiyo haikugombana na jibini, na ikazaa jamii kubwa ya dawa, ikiwemo amitriptilini inayotumika sana Afrika Mashariki kwa sababu ni ya bei nafuu. Shida yake ni kinyume cha ile ya Parnate. Inazuia mishipa isibane pale mtu anaposimama, kwa hiyo presha inaporomoka, macho yanaingia giza na mzee anayeamka usiku kwenda chooni anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987, ilipendwa kwa sehemu kubwa kwa kuwa haiyumbishi presha kiasi hicho. Venlafaksini iliyoifuata, ikitumiwa kwa dozi kubwa, inaweza kuipandisha tena.

Somo la Nottingham halijapitwa na wakati kwetu. Linezolidi, mojawapo ya dawa zinazotibu kifua kikuu sugu, huzuia kimeng'enya kilekile, ingawa si kwa nguvu ya Parnate. Mgonjwa anayeimeza anapaswa kuulizwa kuhusu dawa za sonona na za mafua anazotumia, na kuhusu vyakula vilivyochachushwa au kukaa muda mrefu anavyokula. Lakini mara nyingi muda wa kumwona daktari haumtoshi hata kueleza tatizo lake.

Mwenye presha anayeandikiwa dawa ya sonona asiikimbie. Sonona isiyotibiwa nayo huua. Ataje dawa zote anazotumia, pamoja na zile alizonunua mwenyewe dukani. Aombe kupimwa presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Kichwa kikimuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, aende hospitali saa hiyohiyo. Na asiache dawa yoyote ya sonona ghafla bila kuzungumza na daktari wake.